Hesabu ya Mendel ikipinda: mbegu inayojipendelea au muhuri wa mzazi?

Tuseme unafuga panya wa maabara, na una dume mmoja mwenye aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili, za jeni unayoichunguza. Umempandisha kwa majike wasio na ile aleli unayoifuatilia, na watoto 80 wamezaliwa. Ulitarajia 40 wawe nayo na 40 wasiwe nayo. Umehesabu, ukarudia kuhesabu: 52 kwa 28. Sarafu ya haki ikirushwa mara 80 hutoa pengo kama hilo, au kubwa zaidi, takriban mara 1 katika 100. Kwa hiyo huwezi kusema ni bahati ukaendelea na shughuli zako. (Ingekuwa 12 kwa 8 katika watoto 20, ningekwambia rudi kwanza ukaongeze watoto, maana sarafu ileile hutoa pengo hilo au zaidi karibu nusu ya nyakati.)

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mtu anajua kwamba upo urithi usiofuata kanuni za Mendel, anajua majina mawili matatu ya aina zake, basi anashika lile alilolizoea. Lakini maelezo yanayoweza kuzaa hesabu iliyopinda ni mengi, na kwa nje yanafanana. Nayaweka hapa sambamba ili ujue uanze kumshuku nani. Nitakaa zaidi kwenye mbegu ya kiume, kwa sababu huko kuna jambo ambalo masomo ya shule hulipita bila kuligusa, nami naamini ni mojawapo ya mambo ya ajabu kabisa katika baiolojia ya mamalia.

Kanuni ina miguu miwili

Gregor Mendel alichapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866. Katika jaribio moja alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu kabisa na 3 kwa 1. Ili hesabu hiyo itoke, mambo mawili lazima yawe kweli. La kwanza, mzazi mwenye aleli mbili azigawe nusu kwa nusu. La pili, aleli ifanye kazi ileile, iwe imetoka kwa baba au kwa mama. La kwanza kila mtu analikumbuka. La pili husahaulika, ingawa Mendel mwenyewe alilipima kwa kubadilishana chavua: mara mmea huu uwe baba, mara uwe mama.

Kabla hujachagua maelezo, basi, jiulize ni mguu upi umevunjika. Je, aleli imefika kwa watoto wengi kuliko haki yake? Au imefika nusu kwa nusu kama kawaida, ila kwa baadhi yao imenyamaza? Haya ni maswali mawili tofauti, na anayeangalia rangi ya manyoya au ukubwa wa mwili peke yake hawezi kuyatenganisha. Anayesoma DNA ya kila mtoto huyatenganisha kwa siku moja.

Mbegu inayojipendelea

Seli za korodani zinapogawanyika kutengeneza mbegu, haziachani kabisa. Seli za ukoo mmoja hubaki zimeunganishwa na madaraja membamba ya saitoplazimu (ute wa ndani ya seli), na mbegu changa hukua zikiwa zimeshikana hivyo, RNA (nakala za jeni zinazotumika kutengeneza protini) na protini zikipita kutoka moja hadi nyingine. Mbegu yenye kromosomu X na jirani yake yenye Y hula chungu kimoja. Ndiyo maana mbegu yenye Y haikwami kwa kukosa jeni zilizoko kwenye X. Mwaka 1989 Robert Braun na wenzake walilionyesha hilo kwa panya: waliwapandikizia jeni ya homoni ya ukuaji ya binadamu iliyopangwa kuwaka katika mbegu changa. Nusu tu ya mbegu ndizo zilizobeba jeni hiyo, lakini bidhaa yake ilikutwa kwa zote.

Chungu hicho ndicho kinacholinda haki ya Mendel. Mbegu zikilishwa sawasawa, hakuna inayotambulikana kwa jeni ilizobeba, na isiyotambulikana haibaguliwi.

Upendeleo huanza pale jeni moja inapokataa kuweka chake chunguni. RNA yake inaweza kung'ang'ania mahali ilipotengenezwa, au protini yake ikajishikiza kwenye utando wa seli kabla haijapata nafasi ya kuvuka daraja. Mfano mmoja wa panya ni Spam1, jeni ya kimeng'enya kinachoisaidia mbegu kupenya seli zinazolizunguka yai. RNA ya jeni hii hubaki kwake. Kwa muda mrefu mifano ya namna hii ilionekana kuwa vighairi vichache. Kisha mwaka 2021 Kunal Bhutani na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kusoma RNA ya mbegu changa mojamoja, wakaonyesha kwamba kundi kubwa la jeni za mamalia halishirikishwi kikamilifu kupitia madaraja. Walitoa pia ushahidi kwamba baadhi ya jeni hizo zinaweza kujisambaza bila usawa kwa panya, ng'ombe na binadamu.

Kutoshirikisha pekee hakutoshi kupindisha hesabu. Ni lazima kile kilichobaki ndani ya mbegu kiigeuze mbegu yenyewe: iogelee vizuri zaidi, au ipenye vizuri zaidi, kuliko ndugu zake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kromosomu t ya panya, nao unastahili kutazamwa kwa karibu.

Mwaka 1927, jijini Paris, Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alieleza panya waliozaliwa na mikia mifupi. Walipopandishwa na panya fulani wa asili ya mwituni, wakatokea watoto wasio na mkia kabisa. Panya hao wa mwituni walikuwa wamebeba, bila alama yoyote ya nje, umbo la kromosomu 17 ambalo baadaye liliitwa t. Dume mwenye t moja na kromosomu moja ya kawaida anaweza kuirithisha t kwa hadi asilimia 99 ya watoto wake. Jike mwenye jozi hiyohiyo huirithisha kwa nusu tu. Mtu yeyote anayefikiria urithi asimame kidogo hapo: jeni zilezile, ndani ya spishi ileile, na jinsia ya mzazi pekee ndiyo inayoamua kama Mendel atatiiwa.

Siri imo katika mgawanyo wa kazi. Mary Lyon alipendekeza miaka ya 1980 kwamba t ina jeni kadhaa za kuvuruga na jeni moja ya kujibu. Mwaka 1999 Bernhard Herrmann na wenzake waliitambua hiyo ya kujibu: ni aina iliyoharibika ya jeni iitwayo Smok, inayotengeneza kimeng'enya kinachohusika na mwendo wa mbegu. Jeni za kuvuruga zilitambuliwa baadaye, Tagap1 na Fgd2 zikiwa miongoni mwazo. Bidhaa za kuvuruga hupita kwenye madaraja na kuzifikia mbegu zote, zenye t na zisizo na t, na kuyatibua mawimbi ya kemikali yanayoongoza mkia wa mbegu. Ile ya kujibu haivuki. RNA yake na protini yake hubaki ndani ya mbegu iliyobeba t, na humo hurudisha mambo karibu na kawaida. Ni kama mtu atie sumu kwenye chungu cha wote, na dawa aifiche kifuani mwake. Mbegu ya kawaida huishia kuzungukazunguka pale ilipo, na mbegu yenye t hushika njia ya kuelekea yai.

Ili hila hiyo idumu, sumu na dawa lazima zisitenganishwe vizazi vikipita. Hapo t ina kinga nyingine: sehemu nne za kromosomu zimepinduliwa, kwa hiyo haibadilishani vipande kirahisi na mwenzake wa kawaida. Mzigo wote, karibu theluthi ya kromosomu 17, husafiri kama furushi moja.

Kwa nini basi panya wote duniani hawana t? Kwa sababu madume wenye t mbili ni tasa, na aina nyingi za t huua kiinitete kilichopata t mbili. Tena, jike akipandwa na madume wawili, dume mwenye t hupata watoto wachache kuliko mpinzani wake, maana nusu ya mbegu zake amezilemaza mwenyewe.

Muhuri wa mzazi

Upande wa pili ni jeni zilizopigwa muhuri. Katika mamalia zipo zaidi ya jeni 100 ambazo nakala ya mzazi mmoja huzimwa kwa alama za kemikali juu ya DNA. Alama hizo huwekwa mbegu au yai linapotengenezwa. Herufi za DNA hazibadiliki. Kinachobadilika ni ruhusa ya kusomwa.

Igf2 ni mfano mzuri, na majibu yake yalitoka mwaka 1991. Jeni hii hukuza kijusi, na nakala inayofanya kazi ni ya baba. Watafiti walipoiharibu kwa panya, mtoto aliyeipata nakala mbovu kwa baba alizaliwa na uzito wa karibu asilimia 60 ya ndugu zake. Aliyeipata nakala mbovu ileile kwa mama alizaliwa na ukubwa wa kawaida, kwa sababu nakala ya mama ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Fuatisha kizazi kimoja zaidi uone. Binti mdogo wa mwili, aliyeirithi kwa baba yake, huzaa watoto wenye ukubwa wa kawaida hata wale waliobeba nakala mbovu. Mwana wa kiume wa binti huyo, mkubwa wa mwili kama wenzake, akiwa ameibeba, atazaa tena watoto wadogo. Muhuri umefutwa na kupigwa upya kulingana na jinsia ya aliyeubeba.

Sasa linganisha. Kwa t, watoto wenyewe hawako nusu kwa nusu: ukisoma DNA yao utakuta t kwa karibu wote. Kwa Igf2, DNA iko nusu kwa nusu kama Mendel alivyosema, na dalili ndizo zinazoruka kizazi au kutegemea mzazi. Kwa vyote viwili, kubadilishana dume na jike kunabadilisha matokeo, na ndiyo maana watu huvichanganya. Mtu anapandisha kwa pande mbili, anaona tofauti, anaandika “muhuri wa mzazi” na kufunga daftari. Kubadilishana wazazi hakutoshi kuamua. Kinachoamua ni DNA ya watoto wote, pamoja na wale wasioonyesha dalili.

Kwa wanaosoma magonjwa ya binadamu, mfano wa muhuri ni eneo moja la kromosomu 15. Kipande hicho kikikosekana upande wa baba, mtoto hupata sindromu ya Prader-Willi. Kikikosekana upande wa mama, hupata sindromu ya Angelman. Ni magonjwa mawili yasiyofanana, na kilichopotea ni eneo lilelile.

RNA inayosafiri na mbegu

Maelezo haya ya tatu ni ya kuyaendea kwa uangalifu, lakini nayaheshimu. Mwaka 2006 kundi la Minoo Rassoulzadegan, huko Nice nchini Ufaransa, lilikuwa na panya wenye nakala moja iliyoharibika ya jeni Kit. Panya hao huwa na ncha nyeupe ya mkia na miguu yenye weupe. Walipozaa, baadhi ya watoto waliopata nakala mbili nzima, wasio na kasoro yoyote katika DNA ya Kit, nao walikuwa na ncha nyeupe. Watafiti walikuta RNA isiyo ya kawaida katika mbegu za kiume, na walipoidunga RNA ya namna hiyo kwenye mayai yaliyorutubishwa, mikia myeupe ilitokea.

Ishara yake ni kinyume cha muhuri. Kwa muhuri, aleli ipo na dalili haipo. Hapa dalili ipo na aleli haipo. Ukikutana na hali hiyo, usirukie RNA moja kwa moja. Hakikisha kwanza kwamba sampuli hazikuchanganywa, kwamba baba ndiye baba, na kwamba hakuna jeni nyingine iliyo jirani inayosafiri pamoja na ile unayoipima. Mkia mweupe ni kitu kinachoonekana kwa macho. Uzito au tabia ya panya huyumba kwa mambo chungu nzima.

Seli inayowazidi wenzake korodanini

Upo upendeleo unaotokea mapema zaidi, kabla mbegu haijaanza kutengenezwa. Seli mama za korodani huendelea kugawanyika maisha yote ya mwanamume. Ikitokea mojawapo ikapata badiliko katika jeni za FGFR2 au FGFR3 linaloipa nguvu ya kuongezeka, kizazi chake huenea korodanini mwaka hadi mwaka. Hivyo ndivyo sindromu ya Apert (kasoro ya fuvu na vidole) na akondroplasia (aina ya ufupi wa mwili) zinavyotokea mara nyingi zaidi kwa watoto wa baba wenye umri mkubwa, wazazi wote wawili wakiwa hawana dalili.

Hili usilichague kwa dume wako wa 52 kwa 28. Halipindishi mgawanyo wa aleli ambazo baba alizaliwa nazo. Linaongeza idadi ya mbegu zenye badiliko jipya, nalo huonekana kama mtoto mmoja aliyezuka katika ukoo usio na historia ya ugonjwa huo. Mtoto huyo akikua na kuzaa, atairithisha aleli yake kwa nusu ya watoto, kwa utii kamili.

Vifo tumboni, na upande wa yai

Maelezo ya kawaida kuliko yote ni kifo cha viinitete, nayo ndiyo ya kuondolewa kwanza. Lucien Cuénot aliona mwaka 1905 kwamba panya wa manjano wakipandishwa wao kwa wao hutoa 2 kwa 1 badala ya 3 kwa 1. Hakuna jeni iliyojipendelea pale; wale waliopata aleli mbili za manjano walikufa mapema tumboni.

Kipimo chake ni rahisi: hesabu ukubwa wa kila uzao. Chukua dume wa t anayetoa asilimia 95. Kama sababu ingekuwa vifo, katika viinitete 10, vitano vya t vingebaki na karibu vyote vitano vya kawaida vingekufa, kwa hiyo jike angezaa watoto watano au zaidi kidogo. Jike akizaa wanane au tisa kama wenzake, hakuna aliyekufa kwa wingi huo. Upendeleo ulimalizika kabla ya mimba kutunga.

Upande wa yai ni mfupi kueleza. Katika jike, seli moja inayogawanyika hutoa yai moja tu, na sehemu nyingine hutupwa, kwa hiyo kromosomu yenye sentromia (sehemu inayoshikwa na nyuzi zinazoivuta kromosomu seli inapogawanyika) yenye nguvu inaweza kujivuta upande unaobaki. Hilo limeonyeshwa kwa panya. Kama hesabu yako hupinda pale tu ambapo mzazi mwenye aleli mbili ni jike, achana na mbegu za kiume, tafuta huko.

Na wavulana na wasichana?

Swali hili huulizwa kila mara, tena mara nyingi na watu wenye uchungu. Ni kweli kwamba mbegu za X na za Y zinaweza kutofautiana. Kwa panya, jeni za Slx kwenye X na Sly kwenye Y huvutana, na upande mmoja ukidhoofishwa uwiano wa majike na madume huhama. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vipokezi vya TLR7 na TLR8, ambavyo jeni zake ziko kwenye X, huziwezesha mbegu za X za panya kupunguzwa mwendo kwa kemikali maalumu, na hivyo kutenganishwa na zile za Y.

Lakini kwa familia yenye mabinti watano, maelezo ya kwanza kuchagua ni bahati. Wavulana wapatao 105 huzaliwa kwa kila wasichana 100, na kwa uwiano huo familia 1 kati ya 36 zenye watoto watano itakuwa ya mabinti watupu bila sababu nyingine yoyote. Mama hana kosa, na baba pia hana. Ninalisema wazi kwa sababu ndoa zimevunjika kwa kutojua hesabu hiyo ndogo.

Kwa jeni nyingine za binadamu, ushahidi wa upendeleo mkubwa wa mbegu ni hafifu kuliko kwa panya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliosoma DNA ya makumi ya maelfu ya mbegu za wanaume mojamoja, ulikuta mgawanyo unaomfuata Mendel. Hata hivyo, usomaji wa aina hiyo huhesabu mbegu zilizotengenezwa, haupimi zilizofika. Kwa dume wa t, mbegu zenye t na zisizo nayo hutengenezwa kwa idadi sawa. Ukizihesabu kwenye shahawa utapata nusu kwa nusu na kuondoka ukidhani kila kitu ni shwari.

Kwa dume wako, basi

Ningeanza na DNA ya watoto wote 80, kisha ukubwa wa kila uzao. DNA ikitoa 40 kwa 40 au karibu yake, huku dalili pekee ndizo zilizopinda, nenda kwenye muhuri, na ubadilishane wazazi kwa vizazi viwili, kwa kuwa kizazi kimoja hakitoshi. DNA ikithibitisha 52 kwa 28 na uzao ukawa umepungua, fungua tumbo la jike mapema na utafute viinitete vilivyokufa. DNA ikithibitisha na uzao ukawa kamili, chukua majike wenye aleli zilezile mbili uwapandishe kwa dume wa kawaida. Wao wakitoa nusu kwa nusu, basi jambo liko kwa baba, baada ya mbegu kuanza kutengenezwa na kabla ya mimba kutunga.

Hapo ndipo ningefanya jaribio ambalo mtafiti Braden alilifanya kwa panya wa t mwaka 1958, nalo halihitaji mashine yoyote. Badili saa ya kupandisha. Dume akiachiwa jike muda mfupi tu kabla ya mayai kutoka, au baada yake, mbegu hazikai muda mrefu ndani ya jike kabla ya kukutana na yai, na ziada ya t hupungua. Upendeleo ukiyumba pamoja na saa, chukua shahawa, weka tone chini ya hadubini, na tazama zinavyoogelea.